Damaged ya Black Flag: iliinuliwa na mwimbaji mpya, au na mwimbaji wa zamani aliyeshika gitaa?

Msikilizaji wa Usiku (mwanzisha mada)

Wapenzi wa muziki, nawasalimu. Kwa muda sasa nimekuwa nikisikiliza kwa zamu rekodi mbili za Black Flag, bendi ya panki (roki ya kasi na hasira) kutoka Hermosa Beach, California. Ya kwanza ni Damaged, albamu yao ya kwanza kamili, iliyotoka mwishoni mwa 1981. Ya pili ni Everything Went Black, mkusanyiko uliotolewa 1982 wa rekodi walizozifanya kati ya 1978 na 1981. Katika mkusanyiko huo nyimbo zilezile zinarudi kwa sauti tofauti. Police Story anaiimba Keith Morris, kisha Ron Reyes, kisha Dez Cadena, na ndivyo ilivyo pia kwa Depression na Gimmie Gimmie Gimmie. Ukitoka hapo ukaiweka Damaged, unamkuta Henry Rollins, mwimbaji wa nne, akiziimba nyimbo hizohizo tatu, ilhali Cadena, ambaye miezi michache tu kabla ya hapo ndiye aliyekuwa akiimba, ameacha maikrofoni na kushika gitaa la pili.

Karibu kila maelezo niliyowahi kuyasoma kuhusu albamu hii yanaanza na Rollins na kuishia kwa Rollins: kijana wa miaka 20, meneja wa duka la aiskrimu mjini Washington, aliyepanda jukwaani New York kuimba wimbo mmoja na bendi aliyokuwa akiihusudu, na muda mfupi baadaye akaitwa kufanyiwa majaribio na kupewa nafasi. Ni kisa kinachosimulika vizuri, na labda ndiyo sababu kinasimuliwa mno. Hata hivyo, sehemu kubwa ya nyimbo zilikuwa zimekwisha kutungwa kabla hajafika, na watunzi wake wakuu, yaani Greg Ginn wa gitaa na Chuck Dukowski wa besi, hawakwenda kokote. Ninachokisikia mimi katika Damaged ni uzito wa vyombo ambao haumo kabisa katika rekodi za awali, kiasi kwamba hata nikijilazimisha kutomsikiliza mwimbaji bado naona nimeingia katika muziki mwingine.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie. Je, uzito huo unatokana na gitaa la Cadena, au ni suala la studio tu, au sauti mpya inaweza kumfanya msikilizaji avisikie vyombo kwa namna nyingine? Na je, ni haki kuendelea kuiita Damaged albamu ya Rollins?

Nyuzi Sita

Ndugu mwanzisha mada, hongera kwa kuuliza jambo ambalo sisi wapiga gitaa huwa tunalinung'unikia pembeni bila kupata wa kutusikiliza. Jibu langu ni kwamba gitaa la pili lina mchango mkubwa kuliko linavyosifiwa, na nitajaribu kueleza linavyofanya kazi.

Kabla ya kiangazi cha 1981, Black Flag ilikuwa bendi ya watu wanne: mwimbaji, gitaa moja, besi na dramu. Katika mpangilio huo Ginn alibeba kazi mbili zinazovutana. Alitakiwa ashike mdundo wa gitaa unaoubeba wimbo, na papo hapo alitaka kuuacha mdundo huo ili apige solo zake, ambazo kama unavyojua hazikuwa solo za kawaida. Ginn hupiga kama mtu anayeutafuta ufunguo wa wimbo kwa makusudi ili autoke: noti zinateleza, zinagongana, nyingine zinamalizikia mahali ambapo mwalimu yeyote wa gitaa angekupigia kelele. Sasa, gitaa linapokuwa moja, kila anapotoka namna hiyo wimbo unabakiwa na besi na dramu peke yake, kwa hiyo analazimika kurudi upesi. Solo zake katika rekodi za mwanzo ni fupi mno, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo.

Cadena alipochukua gitaa, sharti hilo liliondoka. Yeye anakaa kwenye kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, anazipiga kwa nguvu na bila mapambo, na Ginn anapata ruhusa ya kwenda mbali akijua kwamba sakafu haitamkimbia. Sikiliza Life of Pain au Padded Cell na ujaribu kulifuata gitaa linalobaki nyuma badala ya lile linalopiga kelele mbele. Mtu anaweza kusema kwamba studio ingemwezesha Ginn kurekodi sehemu zote mbili peke yake, na ni kweli ingewezekana, lakini mtu anayejirekodi mara mbili hujirudia kwa mkono uleule na kwa wakati uleule. Mikono miwili ya watu wawili haigusi nyuzi kwa sekunde ileile hata wakifanya mazoezi mwaka mzima, na ule mkwaruzo unaotokea kati yao ndio uzito unaousikia.

Kuna jambo jingine ambalo ni maoni yangu tu. Cadena alikuwa ameziimba nyimbo hizi. Katika Everything Went Black utamsikia akiimba No More, Room 13, Padded Cell na Damaged II, zote zikiwa ni nyimbo ambazo baadaye ziliingia katika albamu. Mtu aliyewahi kuishiwa pumzi katikati ya ubeti fulani anajua mwimbaji anahitaji nafasi wapi, na mimi namsikia akimwachia Rollins nafasi hizo. Tusisahau pia kwamba baba yake, Ozzie Cadena, alikuwa mtayarishaji wa rekodi za jazi. Sisemi kwamba panki ilirithiwa nyumbani, bali nasema kijana yule hakukulia mahali ambapo muziki husikilizwa kwa juu juu.

Kuhusu studio, walirekodi katika studio ya Unicorn, Los Angeles, Agosti 1981, na Spot akiwa kwenye mitambo. Spot alikuwa amekwisha kufanya nao kazi kabla ya hapo, kwa hiyo siwezi kukubali kwamba uzito wote umetokana na fundi.

Bi. Santuri

Nimemsoma Nyuzi Sita kwa makini, na upande wa vyombo sina la kumpinga. Hata hivyo, naona sauti imepunguziwa haki yake, na nisingependa mada ipite hivihivi.

Naomba tuziweke sauti nne kando kwa kando, maana ndugu mwanzisha mada ametupa njia nzuri ya kufanya hivyo. Keith Morris anapoimba Gimmie Gimmie Gimmie, anaimba kwa kejeli; unamsikia mtu anayefanya fujo huku akijua kwamba ni fujo, na anaifurahia. Ron Reyes ana wasiwasi mwingi zaidi, maneno yanamtoka kwa haraka kana kwamba mlango unakaribia kufungwa, na kwa hakika mwaka 1980 aliwahi kuiacha bendi jukwaani katikati ya onyesho. Cadena anakuja na sauti iliyokwaruzika, nzito, ya mtu anayepiga kelele kutoka tumboni bila kujiwekea akiba, na ni sauti hiyohiyo iliyochakaa kwa safari na maonyesho mpaka yeye mwenyewe akaona afadhali ashike gitaa. Kisha anakuja Rollins, na maneno yaleyale yanageuka kuwa malalamiko ya kweli. Hakuna kejeli. Anayachukua maneno ya Ginn na Dukowski kama barua iliyoandikiwa yeye binafsi.

Hilo nadhani lilitokana na njia aliyopitia. Wenzake watatu walizijua nyimbo hizi zikiwa zingali zinapikwa katika chumba cha mazoezi, ilhali Rollins alizijua akiwa shabiki, akizisikiliza nyumbani akiwa mwimbaji wa bendi ndogo ya Washington iitwayo S.O.A. Shabiki huwa anaamini wimbo kuliko mtunzi wake. Mtunzi anakumbuka kwamba ubeti wa pili uliandikwa kwa haraka; shabiki hana habari hiyo, na kwake kila neno lilikusudiwa.

Ushahidi wangu mkubwa ni wimbo wa mwisho, Damaged I. Cadena naye aliwahi kuurekodi, na ukatoka 1981 upande wa pili wa santuri ndogo ya Louie Louie. Wimbo huu haukuwa na maneno yaliyokamilika, kwa hiyo kila mwimbaji alipewa mdundo ule mzito wa polepole akaachwa ajisemee. Cadena anasema yake, na ni kazi nzuri, lakini bado unamsikia mtu aliyesimama mbele ya bendi. Rollins anajifungia ndani ya wimbo. Anaongea, anapayuka, ananyamaza, anarudia, na anapofika mwisho msikilizaji hana hakika kama ametazama maonyesho au ameingilia jambo lisilomhusu. Vyombo vinakaribiana sana katika rekodi hizo mbili. Kilichoufanya wimbo huo uwe mwisho pekee unaowezekana kwa albamu ni mtu aliyesimama kwenye maikrofoni.

Nikubali jambo moja kwa upande wa wapinzani wangu: palipo na utani, Rollins anapwaya. Six Pack ya Cadena, iliyotoka katika santuri ya nyimbo tatu mwaka uleule wa 1981, inachekesha kuliko ile iliyomo ndani ya Damaged, kwa sababu Cadena anamwigiza mlevi anayejivunia bia zake, ilhali Rollins anaonekana anamkasirikia. TV Party imeokolewa na kundi zima linaloitikia na kupiga makofi nyuma yake.

Mkono wa Kushoto

Ninyi mabingwa wa nyuzi na sauti mmejadili vema, lakini mimi ni mpiga dramu na siwezi kulala kabla sijasema kwamba watu watatu waliobaki ndio waliofanya mabadiliko haya yasiivunje bendi. Waimbaji wote wanne tunaowazungumzia walisimama mbele ya Ginn na Dukowski, na katika rekodi za Everything Went Black na za Damaged mpiga dramu ni Robo, mzaliwa wa Kolombia. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tumezoea mwimbaji kuhama na bendi ikaendelea kupiga palepale alipoiacha, kwa hiyo jambo hili halipaswi kutushangaza.

Mwisho wa wiki hii kisikilizeni kitu kimoja. Robo alikuwa akivaa bangili katika mkono wake wa kushoto, na mkono wa kushoto ndio unaopiga snea, ile ngoma yenye mlio mkali. Kila anapopiga, bangili zinalia, na maikrofoni ikazinasa pamoja na ngoma. Ukitumia spika ndogo ya simu hutasikia kitu, lakini ukivaa hedifoni nzuri utasikia mchakacho mwembamba ukiambatana na pigo, na ukishausikia mara moja hutaweza tena kuacha kuusikia. Fundi mwingine angemwomba azivue. Naona ni heri hawakufanya hivyo, kwa sababu pigo la Robo lenyewe ni la kimraba, halina madaha, wala halikimbii mbele. Bila mchakacho ule lingekuwa kavu kupita kiasi chini ya magitaa mawili.

Dukowski naye alipata faida ileile aliyoieleza Nyuzi Sita kuhusu Ginn. Mwanzo wa No More ni besi na dramu zikirudia pigo lilelile, polepole, kisha kwa kasi zaidi, kisha kwa kasi zaidi tena, mpaka unatamani mtu afungue dirisha, na ndipo wimbo wenyewe unapoanza. Wimbo huo ni wake. Six Pack nayo inafunguliwa na besi. Mpiga besi anayelazimika kuziba pengo la gitaa hapati mawazo ya namna hiyo, kwa kuwa muda wote anafanya kazi ya mwenzake.

Ninachotaka kuongeza ni kwamba tunakijadili kikosi ambacho kiliishi kwa muda mfupi mno. Rollins aliingia wakati wa kiangazi cha 1981, na mwanzoni alisafiri na bendi akijifunza nyimbo huku Cadena akimalizia kuimba maonyesho yaliyokuwa yamepangwa. Agosti walikuwa studioni. Desemba walikwenda Uingereza kwa maonyesho, na huko Robo akapata matatizo ya viza akashindwa kurudi Marekani pamoja na wenzake. Hakupiga tena katika bendi hiyo enzi ile. Kwa hiyo, kikosi cha watu watano tunachokisikia katika Damaged kilikuwa kimekwisha kuvunjika wakati wasikilizaji wengi wanainunua albamu.

Msikilizaji wa Usiku

Nawashukuru nyote, na nimeirudia Damaged I katika rekodi zote mbili kama alivyoshauri Bi. Santuri. Nakubaliana naye juu ya wimbo huo. Hata hivyo, naona hoja yake na ya Nyuzi Sita zinakutana mahali ambapo hakuna aliyepataja: kama Cadena angeiacha bendi moja kwa moja, kama walivyofanya Morris na Reyes, Rollins angekuta bendi ya watu wanne yenye gitaa moja, na sina hakika kwamba angekuwa na mahali pa kujifungia ndani ya wimbo. Ukimya uliomo katika uimbaji wake unawezekana kwa sababu vyombo havina pengo linalomdai aendelee kupiga kelele.

Nina swali la ziada. Kama kikosi hiki kilikuwa na nguvu namna hii, kwa nini hatuna albamu yao ya pili? Najua Robo aliondoka, lakini Cadena na Dukowski waliendelea kuwepo. Albamu inayofuata, My War, ni ya 1984, na ninapoisikiliza naona ni bendi nyingine kabisa.

Nyuzi Sita

Jibu liko mahakamani zaidi kuliko studioni, kwa hiyo nitalipitia kwa ufupi. Albamu ilitakiwa itolewe na kampuni ya Unicorn na kusambazwa na MCA. Al Bergamo, kiongozi wa kitengo cha usambazaji cha MCA, alipoisikiliza alisema kwamba, akiwa mzazi, anaiona kuwa ni rekodi inayowapinga wazazi, na MCA ikajitoa wakati maelfu ya nakala yamekwisha chapishwa. Bendi ikabandika maneno yake juu ya nembo ya MCA kwenye majalada, na kuigeuza lawama yake kuwa tangazo la bure. Baadaye ukazuka mgogoro kati ya bendi na Unicorn wenyewe, na mahakama ikaizuia bendi kutoa rekodi kwa jina la Black Flag. Ndiyo maana Everything Went Black ilitoka ikiwa na majina ya wanamuziki kwenye jalada badala ya jina la bendi, na hata hivyo mahakama iliona agizo lake limevunjwa, na Ginn na Dukowski wakafungwa siku tano katika gereza la kaunti ya Los Angeles mwaka 1983. Zuio lilikwisha baada ya Unicorn kufilisika. Wakati huo Cadena alikuwa ameondoka kwenda kuanzisha bendi yake ya DC3, na Dukowski naye alikuwa ameacha kupiga besi. Ginn akairekodi My War akipiga gitaa na besi yeye mwenyewe, huku besi akiiandikia jina la kubuni, Dale Nixon.

Ndiyo maana unaiona ni bendi nyingine. My War imerudi kwenye gitaa la mtu mmoja, na Ginn ametatua tatizo lake la zamani kwa njia mpya: upande wa pili ameupunguza mwendo kabisa, nyimbo zinajikokota, na solo inapata nafasi kwa sababu hakuna kinachokimbia.

Bi. Santuri

Hapo kuna nyongeza ambayo nadhani itamfaa mwanzisha mada kuliko mabishano yetu. Mwaka 1982, zuio likiwa linaendelea, walirekodi rekodi za majaribio wakiwa na Chuck Biscuits kwenye dramu, Dukowski kwenye besi, Ginn na Cadena kwenye magitaa, na Rollins akiimba. Hazikutolewa rasmi wakati ule, lakini zimekuwa zikizunguka miongoni mwa mashabiki kwa miaka mingi, na ndani yake zimo nyimbo ambazo baadaye zilirekodiwa upya kwa ajili ya albamu za My War na Slip It In.

Msikilizaji wa Usiku, fanya kama ulivyofanya mwanzo, isipokuwa safari hii mwimbaji habadiliki. Chukua My War yenyewe, ule wimbo unaobeba jina la albamu, ambao ni wa Dukowski. Usikilize katika rekodi ya 1982 ukiwa na magitaa mawili na besi ya mtunzi mwenyewe, kisha uusikilize katika albamu ya 1984 ukiwa na Ginn peke yake kwenye nyuzi zote, na Bill Stevenson kwenye dramu. Rollins ni yuleyule. Mimi nitashikilia kwamba rekodi ya albamu inatisha zaidi, na nafahamu fika kwamba Nyuzi Sita atakuwa wa kwanza kunipinga.

Nyuzi Sita

Nakupinga. Ile ya 1982 ina kasi na ina watu ndani yake. Ila lile yowe la Rollins katika rekodi ya albamu, hilo nakuachia.